Kaka anatuma vitamini D kutoka Uingereza, mama ameacha dawa ya kisukari

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga mjini na mume wangu. Mama mzazi naishi naye tangu baba afariki. Ana miaka 64. Kisukari kilimwanza mwaka 2014, presha ikafuata. Nakuandikia kwa sababu nyumba yetu imegawanyika, na kila ninayemsikiliza naona ana hoja.

Baba alifariki Februari 2021. Unakumbuka wakati ule tulikuwa tukisema "changamoto ya upumuaji". Alikuwa na kisukari kama mama, na mwili mkubwa. Alianza na kikohozi na homa, tukamfukiza, tukampa tangawizi na ndimu, akasema anajisikia nafuu. Kisha pumzi ikaanza kumpungukia. Kabla wiki haijaisha tulikuwa makaburini. Kaka yangu mkubwa yuko Birmingham, hakuweza kuja kuzika. Mimi ndiye niliyeshika simu ili aone jeneza likitolewa nyumbani, na mtandao ulikuwa ukikatika.

Baada ya hapo kaka alibadilika. Majira ya baridi kule alikuwa anaumwa mifupa na kuchoka, daktari akampima akamwambia vitamini D iko chini sana. Alipopewa akapata nafuu. Akaanza kusoma, kuangalia video, kupunguza wanga, na kweli amepungua mwili na anaonekana kijana. Sasa anaamini kwamba baba hakuuawa na virusi. Anasema baba aliuawa na ugali, chai ya sukari na ukosefu wa vitamini D. Neno lake lililonichoma ni hili: "Virusi havimwangushi mtu aliye mzima ndani." Mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia baba miaka yake ya mwisho, mama akiwa dukani. Maandazi ya asubuhi yalikuwa ya mkono wangu.

Tangu mwezi uliofuata Ramadhani, mama anafuata mpango wa kaka. Hali ugali, wali, mkate wala matunda. Anakula mayai, samaki, parachichi, nyama, mboga za nazi, na anakula mchana na jioni tu. Kaka ametuma chupa za vitamini D, kila kidonge kimeandikwa 10,000 IU (IU ndicho kipimo cha vitamini), mama anameza viwili kwa siku. Alimwambia pia aache metfomini, dawa yake ya kisukari, kwa kuwa ni sumu. Dawa zake nyingine mbili, glibenklamidi ambayo nayo ni ya kisukari, na ile ya presha inayomfanya aende haja ndogo, bendrofluazaidi, anaendelea nazo kwa sababu amezizoea.

Mama mshauri, sitaki kusema uongo: mama amebadilika. Sukari ya asubuhi ilikuwa 13, sasa ni 7, siku nyingine 6. Uzito umeshuka kutoka kilo 94 hadi 85. Anatembea mwenyewe mpaka soko la Mgandini na kurudi na kikapu. Magoti hayamsumbui. Nilikuwa sijamwona na furaha hivi tangu tuzike.

Lakini alfajiri moja nilimkuta ameketi kitandani, jasho linamtiririka, anatetemeka, namuuliza ananijibu vitu visivyoeleweka. Nilikoroga chai ya sukari nyingi, nikamnywesha, akarudi sawa. Kaka akasema ni mwili unazoea kuchoma mafuta. Na sasa wiki hizi mama anapata kichefuchefu, choo kimekuwa kigumu, na usiku anaamka kunywa maji. Wakati huohuo mafua makali yameingia mtaani, watoto wangu wamerudi nayo kutoka shule. Nilitaka nimpeleke mama akachanjwe korona, na kama ipo hospitali binafsi, mafua pia. Kaka akasema mwili wenye kinga hauhitaji sindano. Nilipobisha alilia kwenye simu. Sijawahi kumsikia kaka akilia.

Kliniki mama haendi tena. Muuguzi alipiga simu kuuliza, mama akanikonyeza niseme amesafiri. Anaogopa watamgombeza. Mume wangu anasema nitupe hizo chupa, nani atakosa vitamini D Tanga na jua lote hili? Na kaka ndiye anayetoa matumizi ya mama na ada ya mwanangu wa kwanza.

Je, ni kweli chakula kinaweza kumkinga mtu na virusi? Ni kweli sisi tulimuua baba kwa chakula? Na nimpeleke mama kliniki kwa siri, au niache mambo yaende kwa kuwa anaonekana ana nafuu?

Mtoto wa Kike, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya baba, maana naona bado haijapita, na pole ya kubeba siri ya mama, hasira ya mume na machozi ya kaka kwa wakati mmoja.

Nikikusoma vizuri, una maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Moja ni la mwili wa mama: anachokula, anachomeza, na kama kitamsaidia virusi vikija. Jingine ni la msiba ambao familia yenu haijaumaliza. Nitaanza na la mwili, na ndani yake kuna jambo ambalo haliwezi kungoja ninyi mkubaliane.

Ile alfajiri ya jasho na kutetemeka, kwa jinsi ulivyoieleza, inafanana sana na sukari iliyoshuka kupita kiasi. Sukari uliyomkorogea huenda ndiyo iliyomwokoa, na ulifanya vema. Glibenklamidi huilazimisha kongosho itoe insulini, mtu awe amekula au hajala, na hukaa mwilini kwa saa nyingi. Kwa watu wa umri wa mama ndiyo moja ya dawa za kisukari ambazo madaktari huzihofia zaidi, kwa sababu hiyohiyo. Mtu akiacha wanga, akaruka na kifungua kinywa, huku anaendelea kuimeza, sukari inaweza kushuka akiwa amelala na asiamke. Kwa hiyo mpango wenu umegeuza mambo: mama ameacha metfomini, ambayo peke yake ni nadra kushusha sukari namna hiyo, na amebaki na ile ambayo kwa chakula chake cha sasa ndiyo ya hatari. Mpigie muuguzi leo umweleze hilo. Mpaka mtakapoonana naye, weka sukari karibu na kitanda cha mama, na mtu alale naye chumba kimoja. Akitetemeka tena mpime, mpe sukari akiwa anaweza kumeza. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni, kimbia naye hospitali.

La pili ni hicho kichefuchefu, choo kigumu na kiu. Kiu inaweza kuwa ya sukari. Lakini zikija pamoja, dalili hizi ni pia za kalsiamu iliyozidi kwenye damu, na vitamini D nyingi ndiyo inayoipandisha. Kiwango cha juu ambacho mamlaka za afya za Ulaya na Marekani zinakiona salama kwa mtu mzima bila uangalizi ni 4,000 IU kwa siku. Mama anameza 20,000. Halafu dawa yake ya presha, bendrofluazaidi, huzuia kalsiamu isitoke kwa mkojo. Viwili hivyo vikikutana kwenye mwili mmoja, figo ndizo zinazolipa. Kupima kalsiamu na kreatinini, ambayo huonyesha hali ya figo, ni kipimo cha damu cha kawaida. Kusimamisha vile vidonge kwa siku chache hadi majibu yatoke hakutamdhuru mama, maana vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa wiki nyingi.

Baada ya hayo, sasa tuzungumze juu ya kaka yako, na ningependa umsikilize kwa sikio jingine. Ana hoja kubwa zaidi kuliko mume wako anavyomkubalia.

Uingereza, wimbi la kwanza la korona mwaka 2020, watafiti walipitia vifo vyote vya hospitalini vya ugonjwa huo hadi mwezi Mei. Karibu theluthi moja ya waliofariki walikuwa na kisukari. Miongoni mwa wenye kisukari, waliokuwa na sukari isiyodhibitiwa walikuwa katika hatari zaidi, na unene nao uliongeza. Hata mafua ya mwaka 2009 yalionyesha hivyo: watu wanene sana ndio waliojaa vyumba vya wagonjwa mahututi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutazamwa hivyo kwa mafua. Sababu zake zinajulikana. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinakuwa nzito kufika penye maambukizi na dhaifu kuua zinapofika. Mafuta ya tumboni nayo hutoa kemikali zinazoufanya mwili uwe kwenye hali ya kupambana muda wote hata pasipo adui. Virusi vikiingia, mwili unachelewa kujibu mwanzoni, halafu unajibu kupita kiasi, na mapafu ndiyo yanayoumia. Na tumbo kubwa huibana pumzi mtu akilala chali.

Basi mama kushuka kutoka 13 hadi 7, na kupungua kilo tisa, ni kinga ya kweli. Sitakuruhusu uidharau kwa sababu imeletwa na mtu unayegombana naye. Mwaka 2017 madaktari wa Scotland na Newcastle walichapisha matokeo ya watu wenye kisukari waliopewa chakula cha takriban kalori 850 tu kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa taratibu kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 walikuwa wameondoka kwenye kiwango cha kisukari bila dawa yoyote ya kisukari. Nadhani kaka yako anaufahamu utafiti huo. Ila kuna mambo mawili ambayo video nyingi huyaruka. Wale wote walikuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita. Mama anacho tangu 2014, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo kongosho linavyozidi kuchoka, ingawa kupungua uzito humsaidia mtu wakati wowote. Na dawa zao za sukari na presha zilisimamishwa siku ya kwanza, na madaktari wenyewe, waliokuwa wakiwapima mara kwa mara. Chakula kilibadilika na dawa zikabadilika pamoja nacho.

Hilo mama analijua tayari. Mtu wa kisukari anayetaka kufunga Ramadhani huenda kliniki kabla ya mwezi kuandama, dawa zinapangwa upya kufuata futari na daku. Mpango wa kaka ni mfungo pia. Tofauti ni kwamba huu haukupangiwa dawa.

Kuhusu chakula chenyewe sina maneno mengi. Samaki, mayai, mchicha, bamia, kunde, parachichi ni vyakula vizuri. Sioni haja ya kumnyima mama pera au kipande cha papai, na ukimpunguzia ugali bila kuuondoa kabisa huenda akadumu nao muda mrefu zaidi. Mwenye kujua hilo ni yeye na mashine yake ya kupimia: mpime saa mbili baada ya kula, mtaona wenyewe chakula kipi kinampandisha.

Vitamini D ndiyo iliyojaa chumvi nyingi katika mazungumzo ya watu, acha nikae nayo kidogo.

Kaka yako hakudanganywa na daktari wake. Birmingham, kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua liko chini kiasi kwamba mionzi inayotengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi haifiki ya kutosha. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Ndiyo maana serikali ya kule inawashauri watu wote wafikirie kumeza 400 IU kwa siku majira hayo, na wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaojifunika mwili wote, mwaka mzima. Maumivu ya mifupa aliyokuwa nayo yanaingia kabisa katika habari hiyo. Alichokosea, kama amekosea, ni kuchukua dawa ya Birmingham na kuipeleka Tanga ikiwa imezidishwa mara hamsini: 400 ikawa 20,000.

Na mume wako je? Jua la Tanga ni kweli linatosha. Wamasai na Wahadzabe walipopimwa hapa kwetu Tanzania, wakiwa katika maisha yao ya kuzunguka nje kutwa, wastani wao wa vitamini D ulikuwa 115 kwa kipimo ambacho Waingereza huanza kusema mtu amepungukiwa akiwa chini ya 25. Lakini mama yako si mchungaji. Mwanamke wa mjini, mwenye mwili, anayekaa dukani kivulini na kutoka akiwa na baibui, anaweza kabisa kupungukiwa katikati ya jua. Nchi za Ghuba zina jua jingi na upungufu umejaa huko kwa sababu hizohizo. Unene nao hushusha kiwango kwenye damu, maana vitamini hiyo hujificha kwenye mafuta. Kwa hiyo mume wako anaweza kuwa amekosea kuhusu mama kama kaka alivyokosea kuhusu dozi. Kipimo kipo, kinapatikana kwenye baadhi ya maabara kubwa, si cha bei rahisi. Mkiweza, mpimeni. Msipoweza, akae uani mchana mikono na miguu ikiwa wazi, kwa muda mfupi usiomuunguza, wakati kivuli chake ni kifupi kuliko yeye. Wazee wetu walitufundisha kuwaanika watoto jua la asubuhi mapema. Ni jua la kupendeza, lakini la saa moja lina mionzi hiyo kidogo sana. Na lile linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii kwa hili. Chakula chake kina msaada pia: dagaa, vibua, kiini cha yai, maini.

Je, inakinga virusi? Chembe za kinga zina mahali pa kuipokea vitamini D, na zikiikosa kabisa hazifanyi kazi yake sawasawa. Mwaka 2017 majaribio 25, yenye watu karibu 11,000, yalikusanywa pamoja, yakaonyesha kwamba iliwapunguzia watu magonjwa ya njia ya hewa, na waliofaidika hasa ni waliokuwa wamepungukiwa sana, wakimeza dozi ndogo kila siku au kila wiki. Waliopewa dozi kubwa za mkupuo hawakuonekana kufaidika. Kisha korona ikaja, na matumaini yakapanda. Uingereza ikawapima watu na kuwapa waliopungukiwa, katika jaribio la watu zaidi ya 6,000. Norway ikawapa watu zaidi ya 34,000 mafuta ya ini la samaki au mafuta mengine ya kulinganisha. Brazil ikawapa wagonjwa waliolazwa dozi moja ya 200,000 IU. Kote huko haikuonekana tofauti. Tena ni lazima kujua kwamba mtu akiugua sana kiwango chake cha vitamini D hushuka chenyewe. Kwa hiyo kuwakuta wagonjwa mahututi wakiwa na kiwango cha chini hakutoshi kusema hicho ndicho kilichowalaza.

Hapa ndipo ninapopaona pa muhimu kuliko pote, na tunao ushahidi wa kwetu. Hospitali ya Mvumi, Dodoma, miaka ya 1980, watoto wenye surua walipewa vitamini A kwa dozi kubwa, wengine wakapata matibabu ya kawaida. Kati ya 92 wa matibabu ya kawaida walifariki 12. Kati ya 88 walioongezewa walifariki 6. Utafiti huo mdogo, na mwingine uliofuata Afrika Kusini, umo katika msingi wa ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwamba mtoto mwenye surua apewe vitamini A. Ilifanya kazi kwa sababu watoto wengi walikuwa wamepungukiwa, na surua yenyewe huimaliza mwilini. Lishe huokoa pale ilipokosekana. Ukishajaza pengo, kuongeza juu yake hakumfanyi mtu awe na ngao. Na hata watoto wa Mvumi waliopata vitamini, bado sita walifariki. Kinachowazuia watoto wetu wasiugue surua kabisa ni chanjo.

Nadhani hapo ndipo wewe na kaka mnaweza kukutana bila yeyote kushindwa. Mwili wenye sukari nzuri huitikia vita vizuri zaidi, na chanjo huufundisha mwili huo adui wa kumtafuta. Neno lake kwamba mwili wenye kinga hauhitaji sindano linavitenganisha vitu vinavyosaidiana. Kwa mama mwenye kisukari na umri wake, mwulizeni daktari kuhusu korona na mafua, na pia chanjo ya nimonia. Zina maudhi yake, mkono kuuma na homa ya siku moja au mbili, ambayo inaweza kuipandisha sukari kidogo, na hazimhakikishii mtu kwamba hataugua. Kazi yake kubwa ni kupunguza ugonjwa mzito.

Sasa baba.

Umeuliza kama mlimuua kwa chakula. Mwanangu, maandazi uliyompikia ndiyo yaliyokuwa yakiliwa mtaa mzima. Kisukari huja kwa urithi, kwa umri, kwa kazi ya kukaa, kwa chakula, na kwa miaka mingi kabla hujaanza kumpikia. Kisha vikaja virusi ambavyo hakuna mwili duniani uliokuwa umevizoea, wakati ambapo nchini hapa hakukuwa na chanjo yoyote. Iliingia mwishoni mwa Julai 2021, baba alikuwa kaburini. Kisukari kilimwongezea hatari, ndiyo. Virusi ndivyo vilivyoingia mapafuni. Yote mawili ni kweli, na hakuna kati yake linalokufanya wewe kuwa mwuaji. Na lile neno la kaka, kwamba virusi havimwangushi aliye mzima, nakuomba ulikatae kwa upole: walikufa pia vijana wembamba, madaktari na wauguzi wa kila umbo.

Lakini jiulize kwa nini kaka analihitaji sana neno hilo. Wewe ulimwosha baba uso, ulimnywesha tangawizi, ulikuwa makaburini. Yeye alitazama jeneza kwenye simu inayokatika. Mtu aliyekosa kufanya lolote kwa baba anaweza kujitwika kumwokoa mama kwa nguvu zake zote, na ukimwambia chupa zake ni hatari anasikia kwamba hata mama ameshindwa kumsaidia. Huenda ndiyo maana alilia. Sijui moyo wake, wewe unamjua zaidi. Ila ningemuuliza kuhusu siku ile ya mazishi kabla sijamuuliza lolote kuhusu vidonge.

Kuhusu nini ufanye, njia ninazoziona ni hizi, na kila moja ina miiba. Unaweza kumweleza muuguzi kila kitu kwa siri. Itakuwa ya haraka na mama atakuwa salama zaidi usiku wa leo, lakini akija kujua kwamba ulimsema, huenda akakuficha mengine. Unaweza kumwacha aendelee kama alivyo kwa sababu ana furaha. Hiyo ndiyo inayonitisha kwa sababu ya zile dalili, na sidhani nawe ungelala. Unaweza kumwambia kaka kwanza, ukamwomba yeye mwenyewe amshawishi mama aende kupima, kwa kuwa anapenda vipimo na namba: mwambie unataka kalsiamu, kreatinini, sukari ya miezi mitatu, ili mpango wake ujulikane unafanya kazi kiasi gani. Hiyo inampa heshima yake. Inaweza kuchelewa, na anaweza kukataa. Na iko njia ya kuanza na mama mwenyewe.

Hii ya mwisho naitaja kwa sababu ya kitu nilichokigundua kwenye barua yako. Nimemsikia kaka, nimemsikia mume, nimemsikia muuguzi, nimekusikia wewe. Mama nimemsikia mara moja tu, akikukonyeza kwenye simu. Ni mtu mzima wa miaka 64 aliyeshusha kilo tisa kwa juhudi yake. Kama hofu yake ni kugombezwa, unaweza kuzungumza na muuguzi mapema: mama anakuja, sukari imeshuka, amepungua, tafadhali mpokeeni kwa hayo kwanza. Aende na daftari la sukari na chupa ya vitamini mkononi, asifiche kitu. Wauguzi wengi wa kliniki za kisukari wangefurahi kumwona mgonjwa wa aina hiyo, na daktari anaweza kumpunguzia dawa badala ya kumwongezea. Mwulize yeye anataka nini kuhusu chakula, kuhusu chanjo, kuhusu pesa za mwanawe. Huenda jibu lake lisimfurahishe yeyote kati yenu.

La ada ya mtoto usilifiche moyoni. Zungumza na mume wako mjue mtafanyaje ikiwa kaka atakasirika, ili woga wa ada usije ukaamua dawa ya mama. Huenda asikasirike kabisa.

Wiki hii kuna mafua nyumbani, basi watoto walale mbali na bibi yao, madirisha yawe wazi, wanawe mikono kabla ya kumpelekea chakula. Mama akipata homa, asiache kunywa maji, mpime sukari mara nyingi zaidi ya kawaida, na pumzi ikibadilika hata kidogo mpelekeni, msingoje nyungu wala tangawizi imalize kazi. Majibu ya kalsiamu yakitoka niandikie, na uniambie mama amesemaje.